Maneno Yakichafuliwa, Yatupwe?

Liko swali moja ambalo twataka kulitazama pamoja na wasomaji wetu, nalo si swali la wenye elimu peke yao. Neno jema likitumiwa kusemea uongo siku nyingi, hata kila alisikiaye hulitilia shaka, mtu mwadilifu afanye nini na neno hilo? Alisafishe, aendelee kulitumia? Au alitupe, kama ilivyokuwa ikitupwa zamani nguo ya mgonjwa wa ndui, naye akae bila neno?

Kila mtu aliyepata kukaa barazani amekwisha kuonja jambo hili. Mtu husema udugu, kumbe alitaka shamba la nduguye. Mwingine husema heshima, na maana yake ni kwamba watu wamwogope. Baada ya miaka michache neno lenyewe laanza kunuka, hata mtu mwema akilitamka twatazamana. Walakini hatujapata kuona kwetu mtu aliyeyakasirikia maneno hata akayaacha yote pia, akasimama mbele ya watu na kutoa sauti tupu. Alikuwako mtu wa namna hiyo Ulaya, mtungaji wa michezo ya kuigiza, jina lake Hugo Ball; na maisha yake yatatufaa katika kulifikiri swali letu kuliko mfano wa kubuni.

Hugo Ball alizaliwa tarehe 22 Februari 1886 katika Pirmasens, mji wa mafundi wa viatu huko Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wenye kuishika dini sana. Walimtia katika biashara ya ngozi, lakini kazi hiyo haikumkaa moyoni. Mwisho akapata ruhusa ya kusoma, akaingia vyuo vikuu vya Munich na Heidelberg. Akasoma filosofia, akaacha kabla ya kumaliza, na mwaka wa 1910 akaenda Berlin katika chuo cha waigizaji cha Max Reinhardt, bwana mkubwa wa michezo katika Ujerumani ya siku zile. Imani ya nyumbani ilikuwa imekwisha kupoa. Akatunga michezo, akawa mshauri wa nyumba ya michezo mjini Munich, akafanya urafiki na mchoraji Wassily Kandinsky. Aliamini ya kuwa mchezo wa kuigiza, ukiunganishwa na muziki na rangi na ngoma, waweza kuwageuza watu mioyo. Ndipo ilipokuja Agosti 1914.

Siku ile Ball hakuwa na hekima kupita wenzake. Alijitoa kwenda vitani, na waganga wa jeshi wakamkataa kwa sababu ya afya yake. Hakutulia, akasafiri mwenyewe mpaka karibu na mahali pa mapigano ili aone. Aliyoyaona huko yalimrudisha mtu mwingine.

Hapa lazima tueleze jinsi maneno yalivyokuwa yakitumika wakati huo. Tarehe 25 Agosti 1914 askari wa Kijerumani waliitia moto maktaba ya chuo kikuu cha Louvain katika Ubelgiji, na raia wengi wa nchi ile waliuawa. Mwezi wa Oktoba wakuu 93 wa elimu na sanaa wa Ujerumani walitia sahihi tangazo kwa ulimwengu wote, wakakanusha mashtaka hayo moja baada ya moja, mara sita wakianza kwa kusema ya kuwa si kweli. Waliotia sahihi hawakuwa wajinga. Alikuwamo Max Planck, mtaalamu mashuhuri. Alikuwamo Gerhart Hauptmann, mtungaji wa michezo. Alikuwamo na Max Reinhardt, mwenye chuo kile alichosomea Ball. Lugha yao ilikuwa safi, sarufi haina kasoro. Waliosoma sana ndio waliotumia usomi wao kuufunika ukweli.

Februari 1915 Ball na rafiki yake Richard Huelsenbeck waliita watu katika Berlin kuwakumbuka washairi waliokufa katika vita. Walitaja majina ya Wajerumani, na pamoja nayo wakalitaja jina la Mfaransa, Charles Péguy, aliyeuawa Septemba 1914 akipigana na Wajerumani. Msomaji afikiri maana yake: katikati ya mji mkuu, vita vikiwaka, kumwombolezea adui pamoja na watoto wa nyumbani. Hapakuwa na mavazi ya ajabu, wala kelele. Twaomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa tutalirudia.

Mwezi wa Mei mwaka ule Ball alikimbilia Uswisi, nchi isiyoingia vitani, pamoja na Emmy Hennings, mwimbaji na mshairi, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Walikaa Zurich katika ufukara mkubwa. Ball alitumia jina lisilo lake, hata polisi wakamshika kwa ajili hiyo; alipotoka akapiga piano katika kundi la wachezaji wa vilabuni, naye Emmy akaimba. Ndivyo walivyopata chakula.

Tarehe 5 Februari 1916 wakafungua chumba chao wenyewe cha nyimbo na michezo, katika nyumba namba 1 ya kichochoro kiitwacho Spiegelgasse, wakakiita Cabaret Voltaire. Wakaja vijana waliotoka nchi mbalimbali: Tristan Tzara na Marcel Janco kutoka Romania, Hans Arp kutoka Alsace, na Huelsenbeck kutoka Berlin. Katika kichochoro hicho hicho, namba 14, alikuwa akikaa wakati ule Lenin wa Urusi, akisoma na kuandika. Kundi lile likachukua jina la Dada. Msomaji wa Kiswahili ataona ajabu, akidhani twasema habari za umbu lake mkubwa, sivyo. Kwa Kifaransa neno hilo ni farasi wa mti wa kuchezea watoto, kwa Kiromania ni kuitikia ndiyo, ndiyo. Walilipenda kwa sababu halikuwafunga na maana yo yote.

Usiku mmoja watu watatu walisimama pamoja, wakasoma shairi kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa kwa mara moja, kila mmoja akipaza sauti juu ya mwenzake, na makelele nyuma yao. Mtu akiingia ghafula angedhani amefika Babeli. Ball alisema katika daftari yake ya kila siku ya kuwa mchezo ule waonyesha sauti ya mwanadamu inavyozama katika kishindo cha ulimwengu wa mitambo.

Lakini usiku ulio mkubwa katika habari zake ni wa tarehe 23 Juni 1916. Ball alikuwa amejitengenezea vazi la karatasi nene. Miguu yake ilikuwa ndani ya bomba la buluu lenye kung'aa, lililofika kiunoni, hata akaonekana kama nguzo. Mabegani alivaa ukosi mkubwa, ndani mwekundu, nje wa dhahabu, na alipoinua viwiko ulipepea kama mabawa. Kichwani kofia ndefu kama ya mganga, yenye michirizi ya buluu na nyeupe. Hakuweza kutembea, ilikuwa lazima abebwe gizani na kuwekwa mahali pake. Taa zilipowashwa akaanza kusoma polepole mashairi yasiyo na neno hata moja la lugha yo yote, ila sauti alizozitunga mwenyewe. Kabla ya kuanza alieleza sababu: twaikataa, alisema kwa maana hiyo, lugha iliyoharibiwa na waandishi wa magazeti. Sisi tunaoandika katika gazeti, ijapokuwa ni dogo, hatusomi shtaka hilo bila kukaa vizuri zaidi kitini.

Kisha likatokea jambo asilolikusudia. Alipofika katikati aliona hajui amalizeje. Sauti zilikuwa nzito, naye aliogopa kuchekwa. Ndipo sauti yake, bila ya yeye kuiamuru, ikashika mwendo wa zamani wa mapadre wakiomboleza, ule wa Misa kuu. Aliandika baadaye ya kuwa kwa dakika moja alijiona nyuma ya vazi lile uso wa mtoto wa miaka kumi, umepauka kwa hofu, ukimsikiliza padre katika Misa ya wafu kanisani kwao. Taa zikazimwa. Wakambeba nje, jasho likimtiririka.

Msomaji atasema, naye ana haki: debe tupu haliachi kuvuma. Mtu mzima aliyepita vyuo vikuu viwili ajivika karatasi na kubwabwaja! Kweli, likisimuliwa hivi lachekesha. Lakini tuulize debe tupu lilikuwa wapi hasa mwaka ule. Siku nane tu baada ya usiku huo, tarehe 1 Julai 1916, mapigano ya mto Somme yalianza huko Ufaransa, na watu zaidi ya 19,000 wa jeshi la Kiingereza peke yake walikufa siku ya kwanza. Kila upande uliwapeleka vijana wake kwa hotuba, na katika hotuba hizo yalikuwamo maneno matakatifu yote: haki, dhabihu, nchi ya baba zetu, hata jina la Mungu. Nasi hatukuwa mbali. Vita hivyo hivyo vilikuwa vikipita katika nchi zetu. Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba mwaka huo. Wachukuzi wa mizigo walifuata majeshi hata wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na kuhara na homa, nao hawakuulizwa kama wanaijua sababu ya vita. Jina la Kariakoo, ambalo leo mtu hulitaja akienda sokoni kununua nguo, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wale. Ndivyo neno la msiba linavyogeuka likawa neno la soko, na wengi hawajui tena lilikotoka.

Basi aliyebwabwaja Zurich hakumdanganya mtu. Hakumtuma kijana ye yote akafe. Akipimwa pamoja na wale 93, twaona mzani wake si mbaya.

Tena sisi walimu hatuwezi kuidharau sauti isiyo na maana. Kila mwaka tunapokea watoto darasani, na kwa majuma mengi huimba ba, be, bi, bo, bu, wala hakuna mzazi anayekuja kulalamika ya kuwa mwanawe afundishwa upuzi. Anajua njia yaelekea wapi. Lakini mtoto akibaki katika ba, be, bi mpaka akaota ndevu, kijiji kizima kitamsikitikia. Twadhani Ball mwenyewe aliona hivyo. Wenzake waliendelea, Tzara aliipeleka Dada mpaka Paris, Huelsenbeck akairudisha Berlin, ikawa mashuhuri, na wasanii wa Ulaya na Marekani wameifuata kwa njia nyingi mpaka leo. Ball aliyeianzisha aliiacha upesi. Chumba kile kilifungwa Julai 1916. Alirudi miezi michache mwaka wa 1917, kisha akaondoka asirudi tena.

Hapa tuna neno la kusema kwa ajili yetu wenyewe. Katika chumba kile Huelsenbeck alikuwa akipiga ngoma kubwa na kusoma nyimbo alizoziita za Waafrika, alizozibuni mwenyewe, na mwisho wa ubeti akiweka kibwagizo kisichokuwa cha kabila lo lote. Mwenye nyumba, mzee Ephraim, ambaye zamani alikuwa baharia na kufika pwani za Afrika, akamwambia ya kuwa nyimbo zile si za kweli, akamletea nyingine. Huelsenbeck akazichukua, walakini kibwagizo chake hakukubali kukiacha. Tzara alifanya afadhali kidogo, akatafuta nyimbo halisi katika majarida ya wataalamu, hata katika Anthropos lililoanzishwa na padre Wilhelm Schmidt mwaka wa 1906. Hata hivyo, kosa ni lile lile. Watu hawa walichoka na lugha yenye uongo, wakatamani sauti isiyo na maana. Na walipotafuta sauti hiyo, wakadhani ni sisi tuliyo nayo. Mama akitwanga na kuimba, hakuna silabi isiyo na kazi: moja humtania wifi, moja humlilia aliyekwenda kazini mbali, moja ni ya kupumzisha mkono. Asiyeijua lugha husikia kelele, na kelele hiyo imo masikioni mwake mwenyewe. Ball aliruhusu mambo haya chumbani mwake. Aliyekuwa akipinga maneno yasiyo ya haki hakuona kwamba hilo nalo ni neno lisilo la haki.

Baada ya kuondoka Zurich alikwenda Bern, na huko, msomaji asicheke, akaingia kazi ya gazeti. Gazeti lenyewe liliitwa Freie Zeitung, nalo liliandika kwa ukali juu ya hatia ya wakuu wa Ujerumani katika vita. Mtu aliyesema ya kuwa magazeti yameua lugha alikaa miaka kama mitatu akiandika magazetini, kwa maneno ya kawaida, yenye kiima na kiarifu. Hatumlaumu. Yaonekana aliona ya kuwa mwongo hajibiwi kwa sauti tupu. Ajibiwa kwa neno. Mwaka wa 1919 akatoa kitabu kikubwa cha kuwahukumu wenye elimu wa Ujerumani tangu siku za Luther. Kitabu kina ushujaa mwingi. Kina na uchafu: yamo maneno ya chuki juu ya Wayahudi, ya namna ile ile iliyokuwa ikisemwa mitaani, nayo miaka ishirini na kitu baadaye iliwapeleka mamilioni kwenye kifo. Hatutaki kulipita jambo hili kwa kunyamaza eti kwa sababu alirudi Kanisani. Mtu alihisi harufu ya maneno yaliyooza kabla ya wengine wote, na mkononi mwake mwenyewe alikuwa ameshika moja asilisikie.

Tarehe 21 Februari 1920 alimwoa Emmy. Mwaka huo akarudi katika Kanisa alimobatizwa, na wakahamia Agnuzzo, kijiji kidogo cha Ticino, upande wa Uswisi wasemako Kiitaliano. Mara nyingi hawakuwa na fedha. Hermann Hesse, mwandishi mashuhuri, alikuwa jirani na rafiki yao. Ball alisoma habari za watakatifu wa kale, na mwaka wa 1923 akatoa kitabu juu ya watatu: Yohane wa Ngazi, Dionisio wa Areopago, na Simeoni wa Nguzo, yule wa Siria aliyekaa juu ya nguzo zaidi ya miaka 30. Mwenye kufikiri ataona. Mtu aliyesimama katika nguzo ya karatasi, asiyeweza kutembea, miaka saba baadaye aliandika juu ya mtu aliyesimama juu ya nguzo ya jiwe. Hata jina la Dada alilieleza upya katika daftari yake: herufi D na A, mara mbili, ni kumwita Dionisio wa Areopago.

Wako waliomwita mkimbizi. Daftari yake ilipochapwa mwaka wa 1927 yeye mwenyewe aliipa jina ambalo kwa lugha yetu ni Kuukimbia Wakati. Nao wana hoja. Novemba 1923, mwaka wa kitabu chake cha watakatifu, Hitler alijaribu kuinyakua serikali katika Munich, mji ule ule Ball alikotumikia nyumba ya michezo. Je, wakati wa namna hiyo mtu mwenye kalamu akae kijijini na watu wa karne za kale? Twalipima neno hili na hatupati jibu jepesi. Simeoni wenyewe waliomjua hawakumwita mkimbizi, kwa maana wakulima na wenye daawa walikwenda chini ya nguzo yake, naye akawaamua. Alikuwa juu, bali masikio yake yalikuwa chini. Kwa Ball hatuoni umati kama huo. Twaona mume na mke, vitabu, na deni la chakula.

Ila kwa swali letu la kwanza twathubutu kusema hivi. Katika maisha yake yote mahali tunapomwona akisafisha neno si katika lile vazi la karatasi, wala si katika kitabu chake kikali. Ni katika ule usiku wa Berlin, Februari 1915, lilipotajwa jina la Péguy. Hapo neno la kale kabisa, wafu wetu, lilichukuliwa kutoka vinywani mwa wenye hotuba, likanyoshwa mpaka likamfikia adui; na waliolinyosha walijua ya kuwa laweza kuwagharimu. Neno halikutupwa wala halikubadilishwa hata herufi moja. Lililobadilika ni yule aliyekubali kulilipia. Mtu wa baraza atakayelisema neno udugu siku ile shamba linapogawanywa, akachukua upande wenye mawe, atakuwa amelifanyia neno hilo kazi ambayo kamusi nzima haiwezi. Walakini hatuwezi kusema kwa hakika ya kuwa Ball angelijua hilo bila ya kupita kwanza katika ule utupu wa Juni 1916. Labda wako watu ambao hawasikii thamani ya neno mpaka wamekaa bila neno.

Mwaka wa 1927 aliugua saratani ya tumbo. Alifariki tarehe 14 Septemba, umri wake miaka 41, akazikwa Sant'Abbondio, karibu na kijiji chake. Emmy aliishi baada yake miaka 21 katika sehemu zile zile za Ticino, maskini kama zamani, akiandika vitabu juu ya mumewe. Kimojawapo, cha mwaka wa 1931, chaeleza njia yake ya kumwendea Mungu. Alipokufa mwaka wa 1948 walimzika katika makaburi hayo hayo.